Nyundo Iliyoinuliwa Mbele ya Mama Mkwe

Mama yangu alipotolewa mtoto wa jicho, alikuja kupumzika kwetu Parklands, na tangu jioni ya kwanza nyumba yetu ikawa ya ndotoni, ambamo watu hupitana bila kugusana. Sisi Wakamba tuna nthoni, ile heshima kali kati ya mkwe na mama mkwe. Mama na mume wangu hawashikani mikono. Hawali meza moja. Mmoja akiwa na neno kwa mwenzake, analipitisha kwangu, hata tukiwa sote watatu chumba kimoja. Nilikuwa natafsiri Kikamba kwa Kikamba, na nililipwa chai.

Mume wangu ana duka la simu katikati ya jiji. Baada ya kufuatwa na wezi hadi kwenye gari, aliomba leseni, akanunua bastola ya mtindo wa zamani, ile ambayo nyundo yake ndogo ya nyuma lazima iwe imeinuliwa ndipo risasi ya kwanza itoke. Mwalimu wake wa shabaha alimwambia, nami nikiwapo, kwamba namna hiyo hubebwa salama kwa njia mbili tu. Ama chemba, pale inapokaa risasi iliyo tayari kufyatuliwa, iwe tupu na risasi zote zibaki kwenye magazini. Ama risasi iwe ndani ya chemba, nyundo juu, kidude cha usalama kimefungwa, na ala ngumu ya ngozi iwe imefunika kifyatulio. Kuna wanaoishusha nyundo kwa kidole gumba juu ya risasi iliyo ndani, wakidhani wameipumzisha. Hao, alisema, wanacheza na jasho la kidole chao; gumba likiteleza, risasi inatoka.

Mume wangu alichagua ile njia ya pili. Kila jioni aliingia moja kwa moja chumbani, akaitoa risasi, akaifungia bastola kwenye sanduku la chuma. Lakini sasa Mama alikuwa ameketi sebuleni, na njia ya chumbani hupita mbele ya magoti yake. Mkwe hapiti hapo. Na kulegeza mshipi mama mkwe akiwa mbele yake? Bora ardhi ipasuke immeze. Kwa hiyo alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, bastola kiunoni, akingoja Mama aende kulala. Naye Mama, kwa adabu zake, hakuthubutu kulala kabla ya mwenye nyumba. Wazee husema heshima si utumwa. Hawakuwahi kukaa sebuleni kwetu.

Nakumbuka zile jioni kama kitu nilichokiona kupitia pazia. Mwanga wa manjano ukipanda ukutani polepole, adhana ikianza huko mtaani, harufu ya dengu za jirani, Mama na bandeji yake akiuelekeza uso dirishani. "Naona kama maziwa," alikuwa akisema. Mume wangu alisinzia kitini, na mimi niliutazama mkono wake usije ukateleza kuelekea kiunoni. Niliogopa. Niliogopa kila jioni, nikitabasamu na kumimina chai.

Siku bandeji ilipotolewa, Mama alirudi kutoka hospitali akicheka kila kitu: rangi ya vikombe, mvi zangu, vumbi juu ya friji. Mume wangu akaingia, akainama kuweka mkate, shati likapanda. Kicheko kikakatika.

"Mwambie mwenye nyumba," Mama akaniambia, "kile kitu chake kimeinuka kama mtego wa panya."

"Mwambie Mama asiogope," mume wangu akasema akitazama sakafu. "Ikiwa hivyo juu na imefungwa, iko salama."

Nikapitisha.

"Mtego ni mtego," Mama akasema.

Jikoni nilimkabili mume wangu. "Si uibebe tu bila risasi kwa chemba?"

"Nikivamiwa niwaambie wezi wangoje kwanza?" Lakini masikio yake yalikuwa moto. Mama mkwe alikuwa amemwona kiunoni, na aibu hiyo ilimtafuna kuliko wezi.

Kesho yake nilisikia viatu vyake ngazini, nikafungua mlango mapema. Alikuwa ameinama juu ya chungu kikubwa cha maua pale nje, mgongo kwangu, viwiko vimebana. Nikaelewa papo hapo. Alitaka kuishusha nyundo kwa gumba, ili Mama aione imelala. Sikupata hata nafasi ya kumwita.

Mlio ulijaza ngazi zote. Kisha kukawa kimya kama chini ya maji, udongo ukinyesha taratibu, majani yakizunguka hewani. Na Mama, ambaye hutembea akishika kuta, alikuwa amenipita mbio.

Bastola ya aina hiyo ikifyatuka hujipakia yenyewe. Nyundo ilikuwa imeinuka tena juu ya risasi mpya, na safari hii kidude cha usalama hakikuwa kimefungwa.

"Mama, simama hapo! Usikaribie!"

Mume wangu alimwambia yeye mwenyewe. Hakupitia kwangu. Mama akasimama. Mume wangu akaigeukia bastola, mtutu wake ungali umeelekea udongoni. Akachomoa magazini, akaitoa risasi iliyobaki, akachungulia ndani ya chemba, akaigusa kwa ncha ya kidole, akachungulia tena. Akailaza juu ya udongo.

Hapo ndipo Mama alipomshika. Alimkamata mikono yote miwili, akahesabu vidole, akampapasa kifua, tumbo, mashavu, akimtazama kwa lile jicho jipya.

"Uko mzima? Mwanangu, uko mzima?"

Tangu aje kunichumbia, mume wangu hakuwahi kumtazama usoni. Akamtazama.

"Niko, Mama."

Mama hakumwachia. Nami nilisimama mlangoni, sina neno la kumpitishia mtu.