Lenzi ya Kujaribia

Jicho langu la kulia lilinigharimu ng'ombe wanne na baiskeli. Nimehesabu mara mbili. Rafiki simtii kwenye hesabu, kwa sababu bei yake sikutajiwa mapema.

La kushoto lilikwenda na surua nikiwa mtoto, kwa hiyo hili la kulia ndilo lililokuwa duka zima. Konea yake, ile ngozi angavu ya mbele, ilipoingia ukungu, nilikwenda Nairobi nikashonewa ya mtu aliyekufa. Ng'ombe watatu waliishia hapo. Ukungu ukaondoka, lakini mshono uliiacha konea na mabonde, na taa moja nikawa naiona tatu. Miwani haikufaa kitu. Nami nilikuwa muuza vitenge katika soko la Kamwokya, ng'ambo ya pili ya mpaka wa Kenya. Nikihesabu noti mara mbili, napata jumla mbili.

Daktari wa Nairobi aliyapima mabonde yale, akasema ataagiza lenzi ngumu, ndogo kama gamba la samaki, ya kukaa juu ya jicho lenyewe. "Itakuwa ya jicho hili tu," alisema. "Haitamfaa mwingine, na ya mwingine haitakufaa." Nirudi na malipo baada ya miezi miwili.

Miezi miwili ilipokwisha, mpakani kulikuwa kubaya. Mtu wa kawaida alishushwa kwenye basi, na si kila aliyeshushwa alipanda tena. Lakini jirani yangu wa meza pale sokoni alikuwa na mjomba jeshini. Alivuka kama mtu anayekwenda msalani. Tulikuwa tumekula sahani moja kwa miaka. Nikauza ng'ombe wa nne na baiskeli, nikampa pesa na stakabadhi ya daktari aniletee lenzi.

"Nikirudi," alisema, "utaona mpaka chawa wa jirani."

Alirudi na kichupa. Nilipoivaa lenzi, machozi yalimwagika, na taa zikabaki tatu, ila moja ilikuwa imekonda.

"Vumilia, ssebo, bwana wangu. Kiatu kipya hakibani?"

Hapo ndipo ujanja wangu wa sokoni uliponiponza. Kitu nilichokilipia huwa sikivui. Niliivaa wiki mbili, nikitembea kwa miguu kutoka nyumbani Kasubi hadi sokoni, nikijiambia imeanza kulegea. Jicho likawa jekundu kama nyanya. Mwishowe daktari wa macho pale mjini aliitoa, akaigeuza chini ya taa.

"Nani kakuuzia hii?"

"Imetoka Nairobi."

"Imetoka kwenye sinia. Ona namba iliyochorwa ukingoni. Hii ni ya kujaribia. Mgonjwa huwekewa dakika chache, kisha inarudishwa."

Wahindi wenye maduka ya miwani walipofukuzwa nchini, waliopewa maduka hayo waliyauza masinia yale kama vifungo vya shati. Konea yangu ilikuwa imekwaruzika. Daktari akanionya: ikiumia tena, mwili unaweza kuikataa, na jicho jingine sina.

Nikaenda moja kwa moja sokoni.

"Nairobi hukufika."

Jirani yangu alikuwa anapanga mali yake. "Nani kakwambia?"

"Jicho."

"Lenzi ni lenzi, bwana! Si wewe uliyenifundisha nisifuate mbali kitu kilicho karibu?"

"Pesa zangu?"

"Ziko kwenye sukari. Ikipanda bei nitakurudishia."

Nikapaza sauti. Akainama kwangu, akasema kwa upole ule ule ambao kila asubuhi aliniulizia hali ya watoto: "Taratibu, ndugu yangu. Mjomba akisikia, atauliza kwa nini unatuma pesa Kenya."

Nimetukanwa sokoni kwa lugha nne na zote nikazijibu. Siku ile nilirudi mezani kwangu kukunja vitenge vilivyokuwa vimeshakunjwa. Mchana akaniletea chai kama kawaida. Niliinywa, ilikuwa na sukari, na kwa hesabu yangu sukari ile ilikuwa yangu.

Jicho lilipopoa, nilimfuata akiwa peke yake. Safari hii sikupaza sauti.

"Ng'ombe siwadai," nikamwambia. "Baiskeli siidai. Lenzi yangu bado iko kwenye droo ya yule daktari wa Nairobi, haimfai mtu mwingine duniani. Wewe unavuka bila kuulizwa. Uza sukari, kisha safari ijayo nichukue, mwambie mjomba mimi ni mpagazi wako. Nilipe hivyo, bwana. Nivushe, ulipe mbele yangu. Noti nitazihesabu kwa vidole."