Jumamosi Niliyomwachia Kassim Anga

Nakumbuka Jumamosi moja ambayo nimeikana kwa miaka mingi, mwanangu. Nimeikana kwenye harusi, nimeikana kwenye misiba, nimeikana mbele ya watu waliouliza kwa nia njema kabisa. Sasa nimechoka kukana. Siku ile Kassim hakunishinda. Nilimwachia.

Usicheke bado. Tulichokuwa tukipigania ni kikubwa, ingawa tulikipigania kwa ndege za kivita, na ndege zenyewe zilikuwa ndani ya kompyuta.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati kila jengo la Kinondoni lenye chumba kitupu lilitundikwa kibao cha mafunzo ya kompyuta. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada isiyomtisha mtu yeyote, naishi kwa mjomba kule Kipawa, karibu na uwanja wa ndege, ambako ndege zilipita juu ya bati kila tulipotaka kusikiliza taarifa ya habari. Nikapata kazi ya kufundisha kwenye kituo kimoja chenye mashine chache, zote zimeshonewa vitambaa vya kuzifunika kama maharusi, na sheria moja kubwa: viatu vinabaki mlangoni. Tuliamini vumbi linaua kompyuta. Mwanafunzi mmoja aliyetoka Wazo, kwenye kiwanda cha saruji, tulimkung'uta suruali nje kwanza ndipo tukamruhusu kuingia. Hivyo ndivyo tulivyoingia kwenye teknolojia ya kisasa, pekupeku.

Kassim wa Temeke alikuwa mwalimu mwenzangu, mwembamba, mwingi wa maneno, na ndiye aliyeuleta mchezo ule kwenye disketi. Tuliunganisha mashine mbili kwa waya, zikiwa zimepeana mgongo, yeye upande ule, mimi upande huu. Wanafunzi wakishaondoka, tunapigana. Mjomba aliponiuliza kwa nini nachelewa kurudi, nilimwambia nina masahihisho mengi.

Ngoja nikueleze kidogo, maana bila hili hutanielewa. Ndege ya Kassim ilikuwa nyepesi, inakata kona kama pikipiki. Yangu ilikuwa nzito, ina injini ya nguvu, kona zake pana kama za lori. Sasa ndege inapokata kona kali inakula mwendo wake yenyewe. Ukizidi kukata kona mwendo unaisha, na ndege isiyo na mwendo ni bati tu linalosubiri kuanguka. Mwenye ndege nzito akikubali kuzungushana na mwenye nyepesi, amekwisha. Dawa yake ni kupanda. Mwendo wako unaugeuza kuwa kimo, unautunza huko juu, unamwacha mwenzako azunguke chini peke yake. Akishachoka unashuka kwa kasi, unapiga mara moja, unapanda tena. Ukikosa, usimkimbize. Panda. Kwa mtazamaji ni vita visivyo na raha, na Kassim alivichukia.

“Sista, shuka basi! Huko juu unamtafuta malaika gani?”

“Nangoja uishiwe.”

“Kukaa juu unachungulia watu, hiyo si vita. Huo ni umbea!”

Makombora tulikubaliana tusiyaguse, kwa sababu yalimaliza mchezo kabla hata soda hazijafunguliwa. Risasi tu. Na kwa risasi, nisijisifu sana, mara nyingi nilimtungua.

Basi ikaja nafasi moja ya kwenda kusoma nje. Moja tu. Mkuu wa kituo, aliyeogopa lawama kuliko alivyoogopa mgao wa umeme, akatuita akasema sote wawili tunastahili, tukakubaliane wenyewe, Jumatatu tumpelekee jina. Tukakubaliana kwa busara yote ya watu waliosoma: atakayemtungua mwenzake Jumamosi, ndiye atakayekwenda.

Nafasi ile niliitaka, mwanangu. Niliitaka mpaka nikawa sili vizuri. Nilishajiona nimevaa koti, natoa moshi mdomoni kwa baridi, naandika barua za kulalamika kuhusu chakula.

Lakini Ijumaa nilipita kwa kina Kassim kuchukua vitabu vyangu. Katikati ya sebule palikuwa na sanduku la safari. Mama yake ameliazima kwa jirani, amelifuta vumbi, amelisimamisha pale, na kila aliyeingia alilizunguka kwa heshima kama mgeni mzima.

“Mwenzio anakwenda Ulaya,” mama yule akaniambia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. “Utamwombea, eti mwanangu?”

Nikasema nitamwombea. Ulitaka niseme nini?

Jumamosi mchana tukavua viatu, tukakaa. Aliyetushuhudia ni Mama Neema wa mapokezi, mtu mzima, mwenye funguo za kituo na ulimi usiohitaji funguo. Alivuta kiti akakaa nyuma yangu, miwani puani, karanga mkononi.

Nilipigana kama ninavyojua. Nikapanda. Kassim akakata kona zake chini, kali, moja baada ya nyingine, ananitukana mimi na mama mkwe nisiyekuwa naye. Nikashuka, nikakosa kwa kusudi au kwa bahati mbaya, sijui hata leo, nikapanda tena. Akazunguka tena. Nilimwona mwendo unamwisha, ndege inayumba karibu kabisa na maji ya ile bahari ya kwenye kioo. Mara ndege yake ikanyooka, ikaenda moja kwa moja kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Nikajua ameishiwa. Nami nilikuwa juu yake, pua imeshuka, nimemweka katikati ya lile duara dogo la kulengea. Kidole kiko kwenye kitufe.

Nikaliona lile sanduku.

Sikubonyeza. Nilipunguza mwendo, nikashuka mpaka kwenye maji, nikapita mbele yake taratibu, kosa ambalo nilikuwa nalikataza kwa ukali kwa kila mwanafunzi niliyemwonyesha mchezo ule. Kimya kidogo. Halafu risasi. Kioo changu kikawa chekundu, na upande wa pili Kassim akapiga kelele ambayo mpaka wa chini, kwenye duka la vitenge, waliisikia.

“Kidole kiliteleza,” nikamwambia Mama Neema kabla hajauliza.

Alingoja Kassim atoke kwenda kutafuta simu ampigie mjomba wake mwenye duka, apeleke habari kwa mama. Ndipo akakunja karatasi ya karanga.

“Mwalimu, mie mambo ya ndege siyajui. Ila macho ninayo. Umempa mwenzio kitu, hujamwambia.”

“Nimeshindwa, mama.”

“Haya. Umeshindwa. Ila ungekuwa umempa, ningekwambia hivi: kumpa mtu kimyakimya hivyo si kumsaidia. Umemtwika mzigo na hajui kama kabeba. Na wewe utakuwa unamfuata nyuma maisha yako yote, unaangalia kama haudondoki.”

Nikavaa viatu vyangu nikaenda zangu Kipawa. Nilikuwa na hasira naye kwa mwezi mzima, kwa sababu alisema kweli na mimi ndiye niliyekuwa na shahada.

Kassim akaenda. Alirudi na koti, na maisha yakamwendea vizuri. Mimi nilibaki, kituo kikafungwa, nikawa mwandishi wa makala ambazo watu hufungia maandazi. Na katika kila shughuli tuliyokutana, Kassim alisimama na mikono yake miwili hewani, mmoja ndege yake, mmoja yangu, akawasimulia watu alivyonitungua. Watu hugeuka, “Kweli, dada?” Nami hucheka, nasema kweli. Nikirudi nyumbani, nagombana na masufuria.

Hivyo ndivyo nilivyochoka, mwanangu. Kazi sikuifanya nyingi. Kilichonichosha ni kuwa juu ya mtu miaka yote hiyo, namtazama anazunguka, nikijua jambo ambalo nilidhani yeye halijui.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, ichukue ikikufaa. Ukitaka kumwachia mtu kitu chako, mwachie kwa mdomo. Mwambie: hiki ni changu, nakuweza, na nakupa. Akikasirika, akasirike siku hiyo hiyo yaishe. Na kabla hujaachia, jichunguze kama ni huruma au ni woga. Mie huruma ilikuwapo, sikatai, lakini niliogopa pia kuitwa msichana aliyemnyang'anya kijana wa watu safari yake. Woga ule niliupaka rangi ya wema, nikaishi nao. Kama unajua kuruka, ruka, watu wakuone.

Mungu akupe mwendo wa kutosha na mahali salama pa kutua. Akukinge na ushindi wa kupewa, akukinge na kushindwa kwa kujitakia. Na wanaokupenda awape masikio ya kukusikia siku utakapoamua kusema.

Mimi sikuwahi kuamua. Mwezi uliopita Kassim alifanya sherehe ya kumuaga binti yake anayeolewa. Akainuka tena, mikono hewani. Nikaondoka kabla ya chakula. Asubuhi yake simu ikalia.

“Zuhura, mbona umekimbia pilau?”

“Kichwa.”

“Wewe hujawahi kuumwa kichwa. Jumamosi ile ulikuwa juu yangu. Pua imeshuka. Nilikuona.”

Nikatafuta kiti.

“Nilishaondoa mikono kwenye vitufe,” akasema. “Nilishakubali yaishe. Nikakungoja upige, hukupiga. Ulipokuja kupita mbele yangu pole pole vile, kama mtu anayetembelea soko, nikajua.”

“Na ukapiga.”

“Mama alishaazima sanduku, Zuhura.”

Tukabaki tunasikilizana tunavyopumua. Sote tumezeeka, inasikika.

“Sasa miaka yote hii,” nikamwuliza, “mikono hewani, unanitungua mbele ya watu, nami nimekaa pale. Ulikuwa unataka nini?”

“Nilikuwa nangoja unibishie,” akasema. “Kila harusi, nikifika pale pa kukutungua, nakutazama wewe.”