Kabureta Mpya ya Fundi Ngwali

Mtambile, kisiwani Pemba, hapana gari mbovu ambayo Fundi Ngwali hajaitia mkono, na hapana aliyewahi kumsikia akisema amekosea. Kosa siku zote huwa la dereva, la petroli, au la aliyeitengeneza gari huko kwao. Kwa hiyo alipotangaza kwamba vyombo vya binti yake Safaa vitapelekwa kwa mumewe Mgogoni kwa lori lake mwenyewe, lile kuukuu la petroli, mkewe Bi Rahma aliguna.

"Baba Safaa, kodi gari ya watu."

"Fundi akodi gari? Watu wataniitaje mie?"

Basi akajiandaa. Kwa Pandu, muuza vipuri jirani yake, alinunua kabureta mpya, ile inayoigawia injini petroli, akaifunga. Siku hiyohiyo akalikumbuka tangi la mafuta, ambalo mfuniko wake ulipotea zamani na mdomo wake ukazibwa kwa tambara. Magodoro ya biharusi yanuke petroli? Thubutu! Akachonga kizibo cha mti wa mfenesi, akakivisha mpira wa tyubu, akakigongomea kikakaa barabara. Hata harufu haikupenya. Akakisifu mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na mwengine wa kukisifu.

Alhamisi baada ya adhuhuri wakaondoka, Ngwali kwenye usukani, Bi Rahma ubavuni, kabati, kitanda na magodoro nyuma. Lori lilikwenda dakika kumi, likakohoa, likazima. Ngwali akaifungua kabureta, akakuta bakuli lake la mafuta kavu kabisa. Akaipuliza, akaifunga, akapiga stata, likawaka.

"Umeona?"

Dakika kumi nyengine, likazima tena.

Lilipozima mara ya tatu hakuwa na shaka: kabureta mbovu, na Pandu mwizi. Hilo hakulisema moyoni. Alilisema barabarani kwa kila aliyesimama kumpa pole, kisha akampigia simu Pandu mwenyewe.

"Umeniuzia takataka, siku ya mwanangu!"

Pandu akaapa kwamba kaitoa kwenye boksi mbele ya macho ya Ngwali. Ngwali akamkatia simu.

Alasiri ikaadhiniwa lori liko palepale. Sasa Ngwali aliogopa kweli. Vyombo vya mwanawe vikifika juu ya gari ya mwengine, ufundi wake utakuwa umeishia njiani, na Pemba nzima itajua.

"Labda mafuta yamekwisha," alisema Bi Rahma.

"Yamekwisha wapi, na nimejaza mie?"

Bi Rahma alifungua mlango. Akashuka, akakishika kizibo kwa mikono miwili, akakizungusha mpaka kikang'oka. Tangi likavuta pumzi ndefu, fyooo.

Ngwali alibaki na bisibisi mkononi. Hakuhitaji kuelezwa. Tangi lisiloingia hewa halitoi mafuta, na kila alipokuwa akihangaika na kabureta, hewa ilijipenyeza kidogo kidogo, ndiyo maana lori likawaka. Wangapi amewafundisha jambo hilo, tena kwa kuwakaripia! Kweli mganga hajigangi.

Bi Rahma alilichomoa tambara la zamani chini ya kiti. Akalirudisha mdomoni mwa tangi, akakipakata kizibo, na lori likaenda mpaka Mgogoni bila ya kukohoa.

Walipokewa kwa vigelegele. Wakakaribishwa mkekani, wakaletewa pilau.

"Tulishaingiwa na hofu," alisema Bi Mwanakhamis, mama wa bwana harusi. "Gari ilikuwa na nini?"

Ngwali akainamia pilau.

"Kabureta," Bi Rahma akajibu upesi. "Mpya, haijazoea."

Ngwali alishukuru, akaona haya kwa kushukuru. Akamega tonge. Lakini Bi Mwanakhamis alikuwa hajamaliza.

"Si ya yule Pandu? Khabari zishafika. Mwanangu alikuwa akanunue pampu kwake kesho, nshamwambia asimkaribie ntu yule."

Ngwali akaliweka tonge chini. Akamtazama mkewe, mkewe akatazama mkeka. Hapo akanyoosha mkono, akakichukua kizibo mapajani kwa Bi Rahma, akakiweka mbele ya watu, karibu na sinia.

"Pandu hana kosa, na kabureta nzima. Kosa ni hichi. Nimekichonga kwa nkono wangu, nikaliziba tangi lisipumue."

Watu wakainama kukitazama. Bi Mwanakhamis akakiokota kizibo, akakigeuza huku na huku, akaupitisha ukucha kwenye ule mpira.

"Lakini fundi," alisema, "kimechongwa vizuri."

Kilikuwa kimechongwa vizuri hata tangi likakosa pumzi, na hilo ndilo lililomuuma Ngwali.