Vinara Vyeusi vya Hyacinthe

Watu wa Mulongwe wanamuita Baba Fanny. Fanny ni mimi. Jina lake ni Hyacinthe, na kazi yake ni kuzungusha mti: anakanyaga mashine kwa mguu, mti unazunguka, patasi inaula, mpaka unageuka bakuli ao mguu wa kitanda.

Parokia ilimuagiza vinara virefu vya mishumaa, vyeusi, kwa misa ya kubariki altare mpya. Padiri alisema wazi: vikikosa, vitanunuliwa Bujumbura. Baba alikubali palepale, maana ebeni, ule mti mweusi wenyewe, ilikuwa inamufikia kwa boti toka Kalemie. Kumbe Vainqueur, mwenye kuileta, akafika mikono mitupu. Alisema miti minene imekwisha. Iliyobaki iko kama kidole.

André, fundi mwenzake, akamushauri apake mti wowote siraji ya viatu. Baba akajaribu. Kinara kikang'aa, lakini kila mwenye kukishika aliondoka na vidole vyeusi. André akacheka mpaka akakaa chini, akasema siku ya misa mapadiri watatoka kama wauza makaa.

Baba hakucheka. Juma lile Mukarusanga, mama mwenye ng'ombe aliyeshuka toka milima ya Hauts-Plateaux, akaleta chombo chake cha maziwa kitengenezewe kifuniko. Kilikuwa cheusi ti. Pale ukingoni kilipokuwa kimemeguka, baba akaona mti mweupe.

"Mama, hii rangi mulipaka na nini?"

"Kupaka? Baba Fanny, weye unafikiri batoto betu banakunywa rangi? Ni moshi na siagi. Hiki kilianza cheupe kama meno yako."

Baba akachukua mti mkavu wa avoka, ule wa maparachichi, ulioanguka Kiringye, akazungusha vinara vipya. Haraka ikamuponza: aliwasha kuni, kinara cha kwanza kikapasuka. Mukarusanga akamugombeza kwamba moto hauna ruhusa ya kuonekana. Basi ikawa nyasi yenye kufuka ndani ya chungu, siagi, kitambaa, tena moshi. Mti ukaingia giza polepole, kwanza kama chai, kisha kama mgongo wa chungu.

Siku ya kuvipeleka, Padiri alipangusa kimoja kwa kitambaa cha altare. Kitambaa kikabaki cheupe.

"Ebeni ya wapi hii?"

Baba angesema Kalemie, hakuna muntu angejua.

"Haiko ebeni, Padiri. Ni avoka ya Kiringye."

Padiri akakinusa, akakigeuza. Kisha akasimamisha mishumaa ndani ya vinara, akaagiza na kiti chake cha misa, kwa mti uleule.

Tulipotoka, baba alitembea katikati ya barabara. Pikipiki zikamupigia honi, asisogee.