Kipimo cha Boksi la Sabuni

Wivu wa mume wangu Masalu haukuwa wa kelele. Hakupiga meza, hakunifuata sokoni. Alikuwa ananyamaza, anakunja mikono ya shati, halafu anakwenda kuosha gari. Nikiona Datsun inaoshwa na jana yake ilioshwa, najua kuna mwanaume mahali fulani amenisalimia vizuri.

Ilikuwa pikapu ya kijivu yenye mabenchi mawili nyuma na turubai juu. Alibeba nayo abiria kati ya Mwanza na Magu, na watu wa Mabatini, tulikokuwa tunakaa, walimjua kwa gari hilo kuliko kwa jina. Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, shati limechomekwa hata siku za vumbi. Alipenda ugali wa mtama na maziwa mgando, na alipenda kusema kwamba mke wake anasoma gazeti lote, siyo picha tu. Hilo lilikuwa kweli.

Mtu mmoja tu alikuwa amemkaa kooni, naye ni Antoni Rugemalira. Antoni alikuwa Mhaya, fundi wa kukereza vyuma, mwenye karakana yake Igogo karibu na ziwa. Kabla ya Masalu, huyo ndiye aliyeleta watu nyumbani kwetu kuniposa. Baba alikataa, alisema hawezi kupandisha binti yake meli kwenda kumzika ng'ambo ya ziwa. Ikawa hivyo. Masalu akaleta ng'ombe wake, nikaolewa, nikamzaa Wilhelmina, na habari ingekwisha hapo kama Mwanza nzima isingekuwa na fundi mmoja tu wa kuaminika kwa kazi za kukereza chuma.

Mwaka sabini na nne kila kitu kilikuwa cha kusubiri. Sukari ya kusubiri, sabuni ya kusubiri, na tairi ndiyo usiseme. Matairi ya mbele ya Datsun yaliisha mpaka nyuzi zikaonekana. Yaliyopatikana mwisho yalikuwa mapana kuliko yale gari lilikuja nayo. Yakafungwa hivyo hivyo. Ukikata kona, tairi linakwangua chuma kwa ndani, linalia kama mbuzi anayechinjwa, na abiria wanashika roho.

Dawa yake kila dereva aliijua. Zinatakiwa spesa, sahani za chuma zenye tundu katikati, zinazowekwa kati ya gurudumu na habu, kile kitovu linakofungwa gurudumu, ili lisogee nje kidogo. Dukani hazikuwepo. Za kukereza zilikuwa kwa Antoni.

Masalu aliosha gari mara mbili siku hiyo. Baadaye akamtuma rafiki yake Ngosha. Baada ya siku chache spesa zikaja zimefungwa kwenye gazeti, zinang'aa, Masalu akazifunga mwenyewe hapo uani. Kukwangua kukaisha. Alinipandisha mbele twende tukalisikilize.

Mpaka Buzuruga lilikwenda kimya. Barabara iliponyooka akakanyaga mafuta, na hapo usukani ukaanza kutikisika mikononi mwake kama ungo wa kupepetea. Meno yangu yakagongana. Alipopunguza mwendo likatulia, alipokanyaga tena likaanza.

"Barabara mbaya," alisema.

"Barabara hii jana ilikuwa nzuri," nikamwambia.

Alihamisha tairi la kulia kushoto. Halikubadilika kitu. Alikaza nati mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, hakuna. Abiria wa Magu wakaanza kushuka na vikapu vyao na kupanda gari la Chenge, dereva mwenzake. Chenge akawa anapita kituoni anashika usukani wake na kujitikisa mwili mzima, watu wanacheka. Ngosha akasema huo ni wivu wa madereva, Masalu atafute mganga wa kumwangalia. Nilimwambia Masalu wivu kweli upo, ila asiutafute kwa madereva.

Katikati ya hayo ndipo katibu wa chama cha wakulima cha kule Magu alipokuja. Msimu wa pamba ulikuwa unafunguliwa. Alitaka gari la kuzungusha karani na mizani kijiji hadi kijiji mpaka mwisho wa msimu. Kwa dereva kazi kama hiyo ilikuwa ni mwaka mzima umepona. Alimtaka Masalu kwa sababu hanywi. Lakini alikuwa amesikia.

"Ndugu Masalu, mizani haitaki kutikiswa. Ikitikiswa inadanganya, na ikidanganya wakulima watanitoa roho. Jumatatu asubuhi nakuja na karani tupande wote. Likitetemeka, kazi namwachia ndugu Chenge."

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jioni nikamweka Ngosha kitako jikoni nikampa viazi.

"Shemeji," nikamwambia, "Antoni alipimaje magurudumu ya gari ambalo hajaliona?"

Ngosha akatafuna taratibu. "Baba Wilhelmina alinipa kipimo."

"Kipimo gani?"

Akanyoosha kidole juu ya kabati. Kulikuwa na kipande cha boksi la sabuni, kimekatwa duara kwa wembe, na katikati duara jingine. Masalu alilala chini ya gari akachora habu kwa penseli, akakata kwa kukadiria, akaongeza kidogo ili spesa isije ikabana. Ngosha akaagizwa asitaje gari ni la nani. Aseme ni la mtu wa Shinyanga.

Mimi nilikuwa nashona. Nguo ukiikata kwa kukadiria mwili, inavaliwa, lakini inacheza. Nikasema moyoni, basi tairi limevaa gauni la mtu mwingine.

Jumamosi asubuhi nikamwambia Masalu aende Igogo.

"Siendi."

"Kazi ya mizani je?"

"Heri Chenge aichukue. Mkono wa yule bwana haugusi gari langu."

"Sahani alizokereza si ndizo zimo kwenye gari lako?"

Akakunja mikono ya shati. Kabla hajafika kwenye ndoo nikajifunga kitenge kizuri, kile cha misa, nikaweka lile boksi kwenye kikapu, nikatoka.

"Unakwenda wapi, Mama Wilhelmina?"

"Kwa Antoni."

"Peke yako?"

"Wewe si umesema huendi?"

Nilitembea bila kugeuka. Sikufika mbali nikasikia Datsun nyuma yangu, inakuja polepole kama ng'ombe aliyefungwa kamba. Ikanifikia ubavuni. Alikuwa anatazama mbele.

"Panda," alisema.

Antoni alikuwa ameongezeka mwili, na kichwani mvi za kwanza. Alifuta mikono kwa matambara.

"Bernadeta! Karibu sana."

Tangu nizae hakuna mwanaume aliyekuwa ananiita Bernadeta isipokuwa baba yangu.

"Mama Wilhelmina," alisema Masalu.

"Ndiyo, ndiyo. Mama Wilhelmina. Na wewe karibu, bwana Masalu."

Nikatoa boksi kwenye kikapu. Antoni akaligeuza geuza.

"Hili nalijua. Nilimwambia Ngosha alete gari nipime habu yenyewe. Akasema gari liko Shinyanga."

Masalu akatazama bati la paa.

"Shinyanga ni mbali," alisema mwishowe.

Antoni aliinua gari kwa jeki, akafungua gurudumu, akaichomeka spesa kwenye habu na kuitikisa kwa kidole. Ikacheza, koko, koko.

"Weka kidole hapa, bwana Masalu. Umesikia? Tundu ni kubwa. Gurudumu halijakaa kwenye habu, limening'inia kwenye stadi, hizi skrubu za nati, peke yake, limeenda upande. Mwendo mdogo huoni kitu. Ukikimbia linarusha. Halafu ulikaza nati likiwa limeshakanyaga chini?"

"Nilikaza sana."

"Sana siyo dawa. Ulilikaza likiwa limepinda, likabaki limepinda."

Akapima habu kwa kalipa yake, si kwa macho, na tundu la ringi pia. Akasema atakereza nyingine zenye ukingo kwa nje ili gurudumu likalie ukingo huo, na stadi ndefu zaidi atatafuta. Tuliache gari, turudi kesho. Masalu akasema haliachi. Alikaa juu ya pipa pale karakana mpaka Antoni alipofunga mlango, na mimi nilikaa naye, kisha tukaondoka na gari letu polepole. Kila Antoni aliponipa kiti, Masalu alikikalia yeye.

Jumapili tulitoka misa moja kwa moja hadi Igogo, maana miaka hiyo ya kubana mafuta, Jumapili ikigonga saa nane mchana gari la binafsi haliruhusiwi barabarani. Spesa zilikuwa tayari. Antoni alisugua kutu ya habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kikawa cheupe. Ukiacha ganda dogo tu la kutu, alisema, ni kama umeweka kijiti chini ya mguu wa meza. Spesa ikaingia, haikucheza. Akaweka gurudumu likiwa bado hewani, akakaza nati moja, kisha ya mkabala wake, kwa msalaba, kidogo kidogo. Masalu alikuwa ameinama karibu naye, anauliza, anajibiwa. Niliwaona wanasahau.

Hapo ndipo mlango wa nyuma ulipofunguka, akatoka mke wa Antoni.

Kemilembe nilikuwa nasikia habari zake tu. Alikuwa mrefu, shingo yenye mistari, anatembea kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa na hataki tone lidondoke. Mkononi alikuwa na kahawa ya kutafuna kwenye sahani ndogo. Akaja mpaka mbele ya Masalu, akapiga goti, goti lenyewe la Kihaya, taratibu, macho chini, sahani mikono miwili.

"Karibu kahawa, shemeji."

Mimi pia nimelelewa kupiga goti. Lakini goti langu ni la mtu mwenye kazi, linagusa na kunyanyuka. Lile lilikaa chini mpaka Masalu akachagua punje, akachagua tena, na kusema asante ya Kihaya, ambayo sijui aliitoa wapi.

Kwangu alipiga goti vilevile. Sikuchukua kahawa. Nilisema inaniharibu tumbo.

"Tukalijaribu," Antoni alisema. Masalu ndiye mwenye usukani. Akanitazama, akamtazama Antoni, akaangalia kiti cha mbele kinachobeba watu watatu waliobanana.

"Mama Wilhelmina, kaa nyuma kwenye benchi. Mbele kuna joto."

Nikapanda nyuma. Ndipo Kemilembe akasema ana dada yake Buzuruga, angeshukuru kupata lifti. Antoni akamwambia aingie. Akaingia katikati, Antoni akakaa mlangoni.

Kwa hiyo nikaenda hivyo, mimi niliyetembea kwa miguu yangu kuokoa kazi ya mume wangu, niko nyuma na gurudumu la akiba, natazama kupitia kioo kichwa cha Masalu na kichwa cha Kemilembe vimekaribiana kama mayai kwenye kiota. Masalu alisema kitu, Kemilembe akacheka. Akasema tena, akacheka tena, akaziba mdomo kwa kiganja. Mume wangu hajapata kunichekesha ndani ya gari. Ndani ya gari huwa anasikiliza injini.

Tulimshusha Kemilembe Buzuruga, na barabara iliponyooka Masalu akakanyaga mafuta. Alisimama mbele akashuka, anacheka uso mzima.

"Umesikia? Kama maji mtungini! Huko nyuma linatetemeka?"

"Gari halitetemeki," nikamjibu.

Antoni akasema nati zikazwe tena akisharudi safari ya Magu, kwa sababu chuma kipya kikitembea kinajiweka sawa na nati hulegea. "Rudini Jumamosi."

Njia nzima ya nyumbani Masalu alipiga mluzi. "Antoni ni mtu mwema," alisema. "Tulimwonea bure. Jumamosi tukirudi tuwapelekee samaki."

Jumatatu katibu alikuja na karani. Waliweka mizani kwenye benchi, wakaenda Magu wakarudi, na mshale haukuhama. Masalu akapata kazi, na msimu ule Chenge alijitikisa peke yake.

Jumamosi aliamka mapema, akaniomba shati la bluu lipigwe pasi. Alipokwenda kulichukua alikuta spana ya magurudumu juu yake, kubwa, mpya, ina mafuta ya dukani. Nilikuwa nimebadilishana kwa gauni nililomshonea mke wa mwenye duka.

Akaitazama spana. Akanitazama mimi.

"Kumbe na wewe?"

"Kaza kwa msalaba," nikamwambia, "kidogo kidogo, kama ulivyofundishwa. Na magurudumu uyanyanyue kwanza."

Alicheka mpaka akakaa kitandani. Akavaa shati la kazini, akaenda kukaza nati zake mwenyewe, na tangu siku hiyo hatukuwa na haja ya Igogo.

Masalu amekwisha kufa, Antoni naye. Datsun tuliiuza. Spana iko chini ya kitanda changu na haiazimwi. Kemilembe yupo, tunasali kanisa moja, amezeeka lakini shingo bado. Jumapili moja tulipotoka misa alinishika mkono akasema, marehemu Masalu alikuwa mtu mcheshi sana.

Nikamuuliza alimwambia nini siku ile ndani ya gari.

Akasema amesahau. Mimi simwamini.