Majivu Niliyoyaita Dawa

Kosa lilikuwa langu, na nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Kituo kidogo cha utamaduni kilicho kando ya barabara ya kwenda Madaba kilipokuwa kikikusanya vitu vya zamani, mama alikubali kutoa kibuyu chake cha kuhifadhia ulezi wa kupanda. Fomu nilijaza mimi. Tulipofika penye "Matumizi", mama alisema, "Andika, humo ndani mlikuwa na ulezi na majivu." Majivu huzuia wadudu. Lakini mimi ni mtu wa kujisomea vitabu vya kilimo, na neno majivu niliona halina elimu. Nikaandika: "Dawa ya mbegu."

Kijijini kwetu wanawake wengi hupanda ulezi wa mama. Mvua zinapokaribia huja mmoja mmoja na kuondoka na viganja viwili vitatu. Mwaka jana hakuja hata mmoja. Mama alidhani wamenunua dukani. Hakulalamika, ila alikuwa akilitaja mara kwa mara.

Likizo ya Krismasi ya mwaka huohuo dada yangu alikuja kutoka Tunduru, tukaamua kumtembeza mama. Siku ya kwanza tulikwenda kwenye makumbusho ya vita vya Majimaji, hapa Songea mjini. Mama alisali fumbo zima la rozari kwenye kaburi la mashujaa walionyongwa na Wajerumani. Aliyetuongoza alieleza habari ya maji ya dawa, waliyopewa wapiganaji ili risasi zisiwadhuru. Mama alisikiliza kwa heshima, lakini hamu yake ilikuwa kesho yake, akaone kibuyu chake nyuma ya kioo.

Tulikikuta pale kituoni, kwenye rafu moja na mkuki na ngao.

"Nisomee," mama alimwambia dada.

Dada alisoma kwa sauti, kabla sijamzuia: "Kibuyu cha dawa." Chini yake palikuwa na jina la kijiji chetu.

Mtu fulani alikuwa amefupisha maneno yangu. Karibu nasi walisimama wageni wengine, na mama akawageukia akitabasamu. "Hicho ni changu."

"Bibi!" mwanamume mmoja akadakia. "Hayajabaki maji kidogo nijipake? Mwezi ujao nina kesi."

Wenzake walicheka. Mama hakucheka. Alinivuta mkono, akasema taratibu, "Wanawake wa jumuiya yetu walitembelea hapa baada ya Pasaka."

Nilihesabu miezi, nikaelewa kwa nini hakuna aliyekuja kuchukua mbegu: walikuwa wamesoma "dawa" na jina la kijiji, wakadhani mama ni mganga.

Nilimwendea mwongozaji wa kituo, mwanamke wa makamo. Alikwisha kumpa mama shikamoo mlangoni na kumletea kiti. Nilimweleza kwamba maneno mawili yameachwa. Hakubishana. Alifungua kioo, akatoa kikaratasi, akaongeza "ya mbegu" kwa kalamu na kukirudisha mahali pake.

Yule mwanamume alisogea kusoma. "Dawa ya mbegu? Kumbe!" Akampiga mwenzake begani. "Ndugu yangu, kuhangaika kote kule kutafuta mtoto, tiba yako iko hapa!"

Dada aligeukia ukuta. Mimi niliyejivunia kupima maneno sikuwa nimewahi kulisikia neno hilo kwa masikio ya watu wengine.

Mama alibaki kitini. "Nilikuambia majivu," alisema. "Hiyo dawa uliitoa wapi?"

Niliomba karatasi mpya, nikaandika kwa herufi kubwa: "Kibuyu cha kuhifadhia ulezi wa kupanda. Ndani mlitiwa ulezi na majivu ya jikoni." Mwongozaji alikitoa kikaratasi cha zamani, akaweka changu. Mama alimtaka dada asome mara mbili, kisha akasema twende.

Lakini karatasi ilikuwa kule, na watu walikuwa kijijini. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, mama alifungua kitambaa chenye ulezi mbele ya wenzake wa jumuiya. Alikuwa ameutoa kwenye mtungi anaotumia sasa, vilevile ulivyo, bila kuupepeta, ili waone wenyewe kitu kinachowekwa humo. Punje zilikuwa na vumbi la kijivu.

"Bado mnaweza kuwahi kupanda," aliwaambia.

Walimsalimu vizuri. Walimwuliza habari za Krismasi na habari za wageni wake. Nilisimama hatua chache nyuma yake, nikawaona wakiliangalia lile vumbi. Hakuna aliyekinga kiganja.