Moto Uliochelewa Katika Gari la Baba

Siku tulipomaliza matanga ya baba, baba mdogo alitangaza mbele ya ukoo kwamba gari la marehemu litauzwa kwa vipande. Mnunuzi alikwisha kumpata.

"Iyi motokari ilikufaka mbele, mwenyewe akafwata," alisema. "Haipande hata kamulima kadogo."

Mama akatazama chini. Mimi sikutazama chini.

"Papa mudogo, nitalitengeneza mimi."

"Na iyo Swahili yako ya Nairobi, njo itapanda mulima?"

Ukoo mzima ukacheka. Waache wacheke. Niliondoka mji huu na mfuko mmoja wa plastiki. Kule Nairobi niliosha injini mchana na kusoma jioni, na diploma ya ufundi wa magari niliyorudi nayo hakuna aliyeninunulia. Nimeitundika sebuleni, ukuta unaotazamana na mlango, ili mgeni asisumbuke kuitafuta.

Baba mdogo akatoa sharti: Jumamosi, mnunuzi akija, gari lipande kilima cha kwetu na watu ndani. Likipanda, haliuzwi vipande; likishindwa, nisifungue mdomo tena.

Nilifungua boneti na sikuhitaji muda mrefu. Bukavu ni mji wa miteremko, nasi tunaegesha magari pua ikitazama chini ili asubuhi yawake kwa kusukumwa. Basi mafundi wa mtaani, ili gari la namna hiyo liwake bila kugoma, huirudisha nyuma delko, lile kopo linalogawa cheche kwenye buji, yaani plagi za injini. Cheche inakuja imechelewa, pistoni imeshaanza kushuka. Injini inawaka kwa upole, kweli, lakini nguvu haina, na inachemka kama chungu cha maharage. Delko ya baba ilikuwa imerudishwa hivyo na kufungwa kwa ukanda wa mpira wa tairi. Gari lilikuwa gonjwa tu, nao wakalitangazia kifo.

Nikakata ule mpira. Nikasafisha platini, vyuma viwili vidogo vinavyokutana na kuachana ndani ya delko, nikapima mwanya wake kwa kipande cha msumeno. Taa ya kupimia sikuwa nayo. Nilichukua balbu ndogo, waya mmoja nikauunga kwenye delko, mwingine kwenye bodi. Injini nikaizungusha kwa mkono hadi alama yake ikafika mahali pake, kisha nikaigeuza delko polepole. Balbu ilipowaka, hapo platini zinaachana, hapo cheche inazaliwa. Nikaisogeza mbele kidogo tena, kwa sababu huku juu hewa ni nyepesi, na kitabu cha gari kiliandikwa na watu wa tambarare.

Nilipowasha, gari likapiga mshindo mkubwa kwenye bomba la moshi: nyaya mbili za buji nilikuwa nimezipishanisha. Katika mji wetu, uliokwisha kusikia risasi nyingi, mshindo kama ule hauchekeshi. Majirani walifunga milango, na baba mdogo, aliyekuja kunichungulia, akalala kifudifudi juu ya maua ya mama.

"Unatuuwa, weye mutoto!"

"Ni waya tu, papa mudogo. Amuka."

Nikazirudisha nyaya mahali pake, nikawasha tena. Injini ikanguruma sawasawa, bila kikohozi.

Jumamosi mama alikaa mbele, baba mdogo na mnunuzi nyuma. Kwenye kona kali, pale ambapo abiria wa gari lile walizoea kushuka wasukume, nilimwona kwenye kioo baba mdogo ameshika kitasa cha mlango.

"Utashuka?" nikamuuliza.

"Endesha!"

Nikaingiza gia ya pili. Gari likapanda kama limetumwa. Mama alicheka kwa sauti, kicheko cha kwanza tangu mazishi.

Tulipofika juu nilizima injini, nikageuka. "Unaona je?"

"Naona. Iko muzima kabisa." Kisha baba mdogo akamgeukia mnunuzi. "Sasa hatuuze tena vipande. Utaikamata nzima, na beyi itapanda."

Sikubishana. Nilishuka, nikafungua boneti, nikatoa kifuniko cha delko na kuchomoa rota, kile kidude kinachozunguka ndani na kugawa cheche. Bila rota, gari kama hili ni banda la kuku. Nikamkabidhi mama kupitia dirishani.

"Lete iyo kitu, shemeji," baba mdogo akasema.

Mama akakifunga kwenye pindo la kitenge chake, fundo gumu, akaliingiza kiunoni. "Njoo ukamate."

Hakuna Mushi, mtu wa kabila letu, atakayeingiza mkono kwenye kitenge cha mjane wa kaka yake, tena mbele ya mgeni. Baba mdogo alishuka garini, akaubamiza mlango. Mnunuzi alikuwa ameshashuka na kuanza kuteremka kilima kwa miguu. Naye akamfuata, akiniita majina ambayo diploma yangu haikunifundisha kuyajibu.

Mama alingoja wapotee kwenye kona, ndipo akafungua fundo.

"Rudisha, fils, mutoto wangu," akasema. "Halafu unifundishe kuendesha."